Yang Hyun-suk: mchezaji wa pembeni aliyegeuka mlezi

Wengi wetu tunajua BLACKPINK, lakini mzee aliyewatoa mwaka 2016 hatumjui. Yang Hyun-suk alianza 1992 kule Korea ya Kusini, katika Seo Taiji and Boys. Nyimbo zilikuwa za Seo Taiji. Yeye alicheza na kusaidia sauti. Januari 1996 kikundi kikavunjika, kingali juu kabisa. Mwaka ule ule akafungua sosiete yake, ile leo inaitwa YG. Kikundi chake cha kwanza, Keep Six, kikaanguka. Hakuacha.

Aliendelea kulea vijana miaka mingi kabla ya kuwapandisha jukwaani. G-Dragon aliingia mtoto, akatoka na BIGBANG 2006, akawa anajiandikia nyimbo mwenyewe. Hapo njo naona kazi yake kubwa. Mwaka 2019, katikati ya kashfa, akaachia kiti.