Kipimo cha Kipindupindu Kalemie

Mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville enzi za Wabelgiji, uko pale mto Lukuga unapotoka Ziwa Tanganyika, na tangu mwaka 1978, kipindupindu kilipoingia mashariki mwa Kongo kupitia ziwa hilo, ugonjwa huo umekuwa ukirudi mara kwa mara miongoni mwa wavuvi na familia zinazochota maji ziwani. Kwa muda mrefu uthibitisho wake ulitegemea uoteshaji, yaani kukuza maabarani bakteria kutoka kwenye kinyesi, kazi inayochukua siku mbili au tatu, mbali na safari ya sampuli hadi Kinshasa, umbali wa takribani kilomita 1,500.

Baadaye kilikuja kijiti cha kupima haraka, kilichobuniwa katika Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa, ambacho huchovywa katika kinyesi na kuonyesha mistari ndani ya dakika chache, bila umeme wala hadubini. Hata hivyo, kijiti hicho wakati mwingine humhesabu asiye na kipindupindu kuwa anacho, wala hakionyeshi usugu, yaani uwezo wa bakteria kustahimili dawa. Thamani yake ya kweli ni kuwahisha tahadhari ya mlipuko. Tiba haingoji kijiti: mgonjwa anayeharisha maji lazima arudishiwe maji mwilini mara moja, kabla ya kipimo chochote.