Chai na Chujio Uani Petu

Wapo wanaowafundisha vijana kwamba chai ni ada ya Kizungu tuliyoachiwa na wakoloni. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi wetu hautoki mbali: umo uani, katika nyumba za Temeke na Kinondoni, ambamo wapangaji wa makabila mbalimbali huazimana chujio kila alfajiri.

Ni kweli kwamba mche wenyewe uliletwa. Wajerumani waliujaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Na tangu mwaka 1926, chini ya Waingereza, ukalimwa kwa biashara. Lakini neno "chai" hatukulipata kwa Mwingereza. La kwetu ni ndugu wa lile la Wahindi na Waajemi, nalo lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na majahazi.

Tutazame na upishi. Mwingereza hutia majani katika buli, akayamwagia maji ya moto, akangoja. Mama wa Temeke huyachemsha majani sufuriani, juu ya jiko la mkaa, pamoja na iliki au tangawizi iliyopondwa, mpaka rangi ikolee. Chai isiyo na maziwa watu wa pwani wakaiita mkandaa, kwa jina la mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Mgeni alipimwa kwa kipimo cha wenyeji.

Na kuchuja je? Majani ya madukani aghalabu ni chembe ndogo zilizosagwa kwa mashine. Hukoleza upesi, lakini hupenya katika chujio lenye matundu mapana. Ndiyo maana chujio lilipochakaa, kitambaa cheupe kilishika nafasi yake. Mkono huo wa kuchuja haukufunzwa na chai. Wazee wetu walikuwa wakichuja tui kwa kifumbu zamani, kabla mche wa kwanza haujapandwa Amani. (Kifumbu chenyewe hakichuji chai, atakayethubutu atakula wali wenye harufu ya majani, na maneno atayasikia.) Hata mabaki ya chai tuliyaita machicha, kama ya nazi.

Machicha hayo twayakumbuka vyema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa zilikuwa haba, nasi tungali watoto. Chai nyingi ya nchi ilisafirishwa nje kutafuta fedha za kigeni. Nyumbani machicha hayakumwagwa: yaliongezwa maji, yakachemshwa tena jioni. Mgeni alitiliwa majani mapya. Sisi tulikunywa ya pili, iliyopauka, na mara nyingi bila sukari. Hakuna aliyeona kwamba mgeni kapendelewa.

Siku hizi vifuko vya chai vimeingia majumbani, na chujio katika baadhi ya nyumba limebaki msumarini. Lakini tumepata kumwona bibi mmoja, Kinondoni, aliyeletewa pakiti ya vifuko na wajukuu wake. Alivichana kimoja baada ya kimoja, akamimina majani sufuriani, kisha akauliza chujio liko wapi.