Matawi Yasiyo na Mwenyewe

Tawi la Git ni kitu kidogo sana. Kwa kawaida ni faili moja ya baiti 41: herufi na tarakimu 40 zinazotaja hatua ya mwisho ya kazi, kisha alama ya kumaliza mstari. Basi. Ndiyo maana timu ya watu sita inaweza kujikuta na matawi 200, mengine ya watu walioacha kazi kitambo, na hakuna anayethubutu kuyagusa.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, alitoa CVS. Ukifungua tawi kwenye CVS, lebo yake ilibidi iandikwe ndani ya kila faili ya mradi. Mradi una maelfu ya faili? Kanywe chai kwanza. Subversion, iliyoanza mwaka 2000, ilirahisisha kufungua tawi, lakini hadi toleo la 1.5 la mwaka 2008 haikukumbuka yenyewe ni kazi gani imeshaunganishwa. Kukumbuka ilikuwa shughuli ya binadamu. Kwa hivyo matawi yalikuwa machache, na kila moja lilijulikana ni la nani.

Git ilizaliwa Aprili 2005 kwa sababu ya ugomvi. Watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper bure, ingawa ilikuwa programu ya kuuzwa. Andrew Tridgell akaanza kuandika programu yake ya kuzungumza na seva za BitKeeper, kampuni ikakasirika, ruhusa ya bure ikaondolewa. Linus Torvalds akaandika yake. Hoja yake siku zote ilikuwa kwamba kufungua tawi si kazi, kazi ni kuliunganisha. Git hukumbuka wazazi wote wawili wa muungano, kwa hivyo inaweza kujibu: je, kazi ya tawi hili imeshaingia kwenye shina?

Jibu hilo ndilo lililozaa vifaa vya kufagia. Amri ya `git branch -d` hufuta tawi lililounganishwa na hukataa lisilounganishwa. Watu wakaiunga na amri nyingine mbili tatu, wakapeana mstari mmoja wa kufuta yote yaliyokwisha isipokuwa lile lenye neno "main". (Tawi lako likiitwa "domain" nalo linapona. Wengi hawajui.) Baadaye zikaja programu kamili, kama git-sweep ya Python na git-trim ya Rust.

Halafu mwaka 2016 GitHub ikaleta kitufe cha kukandamiza: hatua zako 15 zinaingia kwenye shina kama hatua moja mpya. Historia inakuwa safi, inasomeka vizuri, mabosi wanafurahi. Tatizo ni kwamba hatua hiyo mpya haina undugu na tawi lako. Ukiuliza Git, itakuambia kazi haijaingia, wakati iko kwa wateja tangu wiki jana. Sasa `-d` inakataa kila kitu, na mtu akishachoka kukataliwa anaandika `-D`, herufi kubwa, ambayo haiulizi swali lolote.

Hapo ndipo mambo yanaharibika, kwa maoni yangu. Vifaa vya kisasa hujitahidi: vinakandamiza tawi lako kwa muda, kisha vinalinganisha mabadiliko yake na yale yaliyo kwenye shina. Yakifanana, fagia. Lakini mtu akiwa amerekebisha mstari mmoja tu kabla ya kuunganisha, hayafanani tena, na tawi lililokwisha linakaa foleni moja na tawi ambalo kweli lina kazi ya mtu ambayo haipo popote pengine.

Tangu 2019 GitHub inaweza kufuta tawi yenyewe kazi ikishaunganishwa, na kuna kitufe cha kulirudisha. Hiyo iko sawa. Lakini tawi ambalo halikuwahi kupelekwa GitHub halina kitufe. Ukilifuta kwenye kompyuta yako, Git hutunza alama zake kwenye kumbukumbu ya ndani, kwa kawaida siku 30, kisha usafi wake wa kawaida unaruhusiwa kuifuta kazi yenyewe. Kumbukumbu hiyo iko kwenye mashine hiyo tu. Aliyeandika kazi hiyo akiwa ameshaondoka na laptopu ya kampuni ikapewa mgeni, hakuna kumbukumbu ya kutafuta. Kabla ya herufi kubwa, `git log` itakuonyesha jina lake na tarehe aliyoandika mara ya mwisho.