Gari lililododa yadini: Jinsi ya kupatana bei

Mkazi wa Entarara, Kajiado, anayefika Kitengela kununua gari lililododa yadini aulize kwanza lilisajiliwa mwaka gani ng'ambo. Kanuni ya KS 1515:2000 hairuhusu kuingizwa nchini gari kuukuu la zaidi ya miaka 8. Januari 1, 2025, yale ya 2017 yalifungiwa mlango. Muuzaji atamtisha kwamba hatapata jingine kama hilo. Amjibu kuwa basi hilo ndilo zee kuliko yote yadini, na litazidi kushuka thamani. Kisha ainame asome ubavu wa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Betri nayo, ikikaa bila kuwashwa, hufa. Gharama ya kuvibadilisha ipunguzwe kwenye bei kabla ya kulipa arbuni.