Dereva wa Lori la Pamba na Ujira Wake, 1928 Hadi Leo

Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na sifa yake ya kwanza hadi leo ni pamba. Habari za pamba zimeandikwa sana kwa upande wa mkulima na wa chama cha ushirika. Za yule aliyeibeba hazikuandikwa kiasi hicho. Nitazieleza kwa kifupi, maana siku hizi wenye malori wanalalamika kwamba madereva stadi na mafundi wa kweli wamekuwa haba, na wengi hudhani sababu ni uvivu wa vijana. Historia inasema vingine.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Haikupita Bariadi, ilipita Malampaka, upande wa Maswa. Kwa hiyo pamba ya kwetu ilihitaji gari mara mbili: kutoka ghala la kijijini hadi kiwanda cha kuchambulia, kisha marobota kutoka kiwandani hadi kwenye reli au Mwanza. Leo tuna lami kutoka Lamadi hadi Bariadi na Maswa, lakini zamani palikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua moja tu hutosha kulizamisha lori hadi kwenye ekseli. Dereva asiyejua kufunga springi au kuzibua mirija ya dizeli hakufika.

Ujuzi huo aliupata wapi? Serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi Ifunda mwaka 1951, na nyingine Moshi mwaka 1957. Baada ya Uhuru zote mbili zikageuzwa kuwa sekondari za ufundi. Lakini dereva wa pamba kwa kawaida hakutoka huko. Shule yake ilikuwa lori lenyewe. Alianza utingo: kupakia, kuweka kigingi nyuma ya gurudumu mlimani, kubadili tairi usiku, kumshikia fundi taa. Baada ya miaka kadhaa ndipo alipokabidhiwa usukani. Malipo ya utingo yalikuwa chakula na fedha kidogo, naye alivumilia kwa kuwa mbele yake aliona kazi yenye heshima na mshahara. Vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, vilikuwa waajiri wakubwa.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia ikakatiwa njia ya mafuta. Mwaka uliofuata iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ikaleta malori ya Fiat kwa mamia kubeba mafuta na shaba kati ya Dar es Salaam na Zambia. Ghafla nchi ilihitaji madereva wengi wa masafa marefu. Tangu hapo fundi wa usukani akawa na pa kwenda endapo mwajiri wa karibu hamlipi vizuri.

Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa mwaka 1984. Katikati ya hapo tulipigana na Idi Amin, mafuta yakaadimika na malori mengi yakaegeshwa kwa kukosa vipuri. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, ushirika ulidhoofika na ajira zake zikapungua. Lori la kukodi likachukua nafasi. Msimu wa pamba ni wa miezi michache. Ukiisha, dereva wa kukodi hana kazi, naye huelekea njia ya Tunduma.

Huko nako ujira una kasoro. Mwaka 2013 kima cha chini katika usafirishaji wa nchi kavu kiliwekwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwaka 2015, tarehe 10 Aprili na tena 4 Mei, madereva waligoma nchini. Walikataa kurudishwa darasani kila wanapohuisha leseni, nao walidai jambo kubwa zaidi: mikataba ya ajira. Serikali ililegeza sharti la mafunzo, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda kamati. Kima kilipanda hadi 300,000 kuanzia Januari 2023, na viwango vimepitiwa tena tangu hapo.

Kwa nini mkataba? Dereva wengi huishi kwa posho ya safari. Foleni ya mpakani ikiongeza safari ya siku 10 kuwa siku 20, posho ile ile hugawanywa mara mbili. Tena, tuseme mshahara ni 300,000 na posho 500,000. Mchango wa hifadhi ya jamii, asilimia 20, ukitolewa kwenye mshahara peke yake ni 60,000. Kama fedha zote zingeandikwa mshahara, ungekuwa 160,000. Tofauti ya 100,000 kila mwezi ndiyo uzee wake.

Upungufu huu si wetu peke yetu. Mwaka 2021 Uingereza ilikosa madereva wa malori hata wanajeshi wakaitwa kupeleka petroli vituoni. Makampuni yakalazimika kupandisha mishahara.

Wanafunzi mlioko shuleni sasa, msidharau kazi hizi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo tangu mwaka 1975, na VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Lakini chuo peke yake hakitoshi, kwani kijana huchagua kazi kwa kumtazama aliyetangulia. Na wenzangu wa zamani ambao leo mna malori, viwanda na ofisi, andikeni mikataba. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Dereva amechuma juani tangu enzi za Malampaka; kivuli chake ni kazi yetu sisi tunaomwajiri na tunaosimamia sheria.