Kumwiba Mwana Wako: Barua za Askari Spotswood Rice, 1864

Mwanzoni mwa Septemba 1864, Spotswood Rice, askari mweusi wa jeshi la Muungano katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, aliandika barua mbili akiwa katika hospitali ya kambi ya Benton Barracks, St. Louis. Ya kwanza iliwaendea binti zake, Corra na Mary, waliokuwa bado watumwa mjini Glasgow, Missouri. Ya pili ilimwendea Kitty Diggs, mmiliki wa Mary.

Tangazo la Ukombozi la 1863 lilihusu majimbo yaliyoasi tu. Missouri haikuasi, na utumwa uliendelea kuwa halali huko hadi Januari 1865. Rice alijipatia uhuru kwa kuandikishwa jeshini. Binti zake walibaki kuwa mali ya watu, chini ya serikali ileile ambayo baba yao alivaa sare yake.

Barua kwa mabinti inafunguliwa kwa kanuni ya kawaida ya uandishi wa zama zile: mwandishi ameshika kalamu, hajawasahau, anatamani kuwaona. Msomaji wa barua za Kiswahili alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892 hatashangazwa na mwanzo wa namna hiyo. Lakini Rice haendelei na salamu. Anaahidi kuwachukua hata ikimgharimu maisha, anataja askari mia nane weupe na mia nane weusi watakaopanda mto kuelekea Glasgow, kisha anafikia neno linalomchoma: kuiba. Kitty alikuwa amedai kwamba Rice alijaribu kumwiba Mary. Kwa sheria ya Missouri dai hilo lilikuwa na mashiko. Rice halijibu kwa sheria. Anahoji Ukristo wa mtu anayeweza kusema kwamba mzazi humwiba mwanawe, tena kutoka utumwani. Anawaagiza mabinti wamfikishie ujumbe huo, yaani watoto watumwa wamkaripie bibi yao kwa kinywa cha baba yao. Agizo hilo lilikuwa la hatari, na huenda Rice alilijua hilo.

Katika barua ya pili wajumbe hawapo. Kitty, aliyekuwa nafsi ya tatu, sasa anaambiwa usoni kwamba yeye na Rice ni maadui popote watakapokutana. Hapo Rice anakiri jambo ambalo angeweza kulificha: aliwahi kutaka kulipa dola 40 ili ampate mwanawe, na sasa anashukuru kwamba zilikataliwa. Aliyekana kwamba mzazi anaweza kuiba alikuwa tayari, siku za nyuma, kununua.

Barua hizi hazikuhifadhiwa na familia. Kaka yake Kitty, F. W. Diggs, alizituma kwa Jenerali William Rosecrans pamoja na malalamiko, akitaka mwandishi wake aondolewe Missouri. Ziliingia katika kumbukumbu za jeshi kama vielelezo vya ufidhuli, na ndiyo sababu zinasomeka leo, na tahajia yake ya kusikia kwa sikio.

Mwaka 1937, akiwa mzee, Mary alihojiwa St. Louis na wakusanyaji wa simulizi za waliowahi kuwa watumwa. Alieleza kwamba baba yake alifundishwa kusoma na mtoto wa bwana wake, na kwamba bwana huyo alighadhibika, kwa sababu Rice aliwasomea watumwa wenzake habari za ukombozi, wakafurahi hata wasiweze kufanya kazi.