Shemasi wa Kudumu: Alipotea Vipi, Alirudi Vipi



Katika makanisa yetu neno shemasi halina maana moja. Kwa Waanglikana shemasi amewekewa mikono na askofu, na kwa kawaida angojea kufanywa kasisi. Kwa Wapresbiteri ni mshiriki aliyechaguliwa kuwaangalia maskini na wagonjwa. Lakini tukisikia kwamba katika parokia ya Kikatoliki yuko shemasi mwenye mke na watoto, ambaye hufanya kazi yake ya mshahara juma zima na Jumapili huhubiri, wala hatakuwa padre, wengi wetu twashangaa. Huyo ndiye shemasi wa kudumu. Kwa muda wa karibu miaka elfu, mtu wa namna hiyo alikuwa haonekani kabisa katika Kanisa la Rumi.

Mwanzo twaujua. Katika Matendo sura ya 6 wajane wa Kiyunani walisahauliwa, wakachaguliwa wanaume saba (ingawa tukisoma kwa makini, Luka hawaiti mashemasi). Kanisa la Rumi lilishika hesabu hiyo ya saba. Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Rumi, aliandika kwamba alikuwa na makasisi 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliolishwa na kanisa. Hebu fikirini mzigo ule! Miaka saba baadaye, mwaka 258, shemasi Laurenti aliuawa katika mateso ya Kaisari Valerian. Mapokeo yasema alidaiwa hazina ya kanisa, naye akawaleta maskini.

Ni nini basi kilichowaondoa? Makosa mengine yalikuwa yao wenyewe. Walioshika fedha walianza kujiona wakubwa. Mkutano wa Nikea, mwaka 325, ulilazimika kuwakataza mashemasi wasiwape makasisi Meza ya Bwana, na baadaye Yeronimo aliwakemea mashemasi wa Rumi kwa kiburi chao. Polepole kazi ya maskini ilishikwa na wengine, na ushemasi ukawa ngazi tu ya kupandia kwenye upadre. Mkutano wa Trento, mwaka 1563, uliagiza huduma za daraja hizo zirudishwe. Agizo lilibaki karatasini.

Fikira hii ilipata nguvu mpya mahali ambapo hakuna angepatazamia: katika kambi ya wafungwa ya Dachau, karibu na Munich, Ujerumani. Serikali ya Hitler iliwafunga humo watumishi wa kanisa wapatao 2,700. Wengi wao walikuwa mapadre wa Kikatoliki, lakini walikuwamo pia wachungaji wa Kiprotestanti zaidi ya mia moja. Mchungaji Martin Niemöller alifungwa humo pia, sehemu ya peke yake, pamoja na mapadre watatu. Katika njaa ile na magonjwa yale, padre Otto Pies na padre Wilhelm Schamoni walizungumza juu ya siku za baada ya vita. Walijiuliza nani atawafikia wafanyakazi waliokwisha kulipa kanisa kisogo. Schamoni alitoka hai, na mwaka 1953 akatoa kitabu cha kutaka akina baba wenye jamaa zao wawekewe mikono kuwa mashemasi. Kabla ya hapo, mwaka 1951, kijana Hannes Kramer alikuwa ameanza kikundi cha watu wenye nia hiyo mjini Freiburg.

Maaskofu walilikubali jambo hilo katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964. Mwaka 1967 Papa Paulo VI alitoa kanuni zake, na tarehe 28 Aprili 1968 wanaume watano waliwekewa mikono mjini Köln. Leo mashemasi wa kudumu ulimwenguni ni zaidi ya 40,000, wengi wao wakiwa Marekani na Ulaya.

Shemasi huyu hubatiza, hufungisha ndoa, husoma Injili na kuihubiri, huwapelekea wagonjwa komunyo na kuzika wafu. Haadhimishi Misa wala hasikii maungamo. Mwenye mke hapokelewi kabla ya miaka 35, wala bila idhini ya mkewe. Na mke akifa, haoi tena ila kwa kibali maalum. Twaona sharti hilo la mwisho ni gumu kwa baba mwenye watoto wadogo.

Hapa Afrika mashemasi hao ni wachache mno. Sababu moja ni makatekista. Tangu zamani katekista ndiye ashikaye kanisa la kijijini padre asipofika: huongoza sala, hufundisha wanaotaka kubatizwa, hukaa na wafiwa. Sasa, Mtaguso uleule, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya misheni, uliwataja makatekista kwa jina. Ulisema wanaume ambao tayari wafanya kazi ya shemasi ingefaa watiwe nguvu kwa kuwekewa mikono. Katika majimbo mengi ya bara letu hilo halijafanyika. Katekista aingia kaburini mzee, baada ya miaka arobaini ya kazi ile, hali hajawekewa mikono na askofu yeyote.